Ukinzani na Wati kutoka kwa Volti na Ampea: Ninavyopima na Ninavyokokotoa

Hesabu yenyewe ni mistari miwili. Ukiandika V kwa volteji (katika volti), I kwa mkondo (katika ampea), R kwa ukinzani na P kwa nguvu, basi:

R = V ÷ I
P = V × I

Jibu la kwanza ni ohmu, la pili ni wati. Anayejua kugawa na kuzidisha ameshamaliza. Lakini katika miaka yangu ya kufundisha vijana kazi ya umeme, sijaona anayekwama kwenye kugawa. Wanakwama kabla ya hapo. Mtu anachukua volti za betri, ampea za balbu, anazigawanya. Au anapima volti taa ikiwa imezimwa na ampea taa ikiwa inawaka, kisha anashangaa jibu halifanani na kilichoandikwa kwenye kifaa. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye kupima. Sharti langu ni moja: V na I ziwe za kipande kilekile, kwa wakati uleule, kikiwa kazini.

Ule mfano wa kufananisha umeme na maji kwenye bomba sitautumia. Unafaa dakika tano za mwanzo, kisha mtu anaanza kuuliza umeme unamwagikia wapi waya ukikatika.

Anza na betri

Tafuta betri ya volti 12, balbu ya gari iliyoandikwa 12 V 21 W, fyuzi ya ampea 5, vipande vya waya na multimita, yaani mita moja inayopima volti, ampea na ohmu. Ukipata multimita mbili ni bora zaidi, kwa sababu moja itakaa kwenye ampea na nyingine kwenye volti, nawe utazisoma kwa pamoja. Usianzie kwenye umeme wa ukutani. Volti 12 hazitakurusha, ila betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha waya na kuunguza mkono. Kwa hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya, na pete au saa ya chuma uivue.

Mita ya ampea inaingia njiani. Unakata saketi mahali pamoja, mita inaziba pengo, mkondo wote unapita ndani yake: huko ndiko kuunga kwa mfululizo. Mita ya volti haikati chochote. Inagusa ncha mbili za balbu, sambamba nayo. Waya mwekundu wa mita ya ampea uwe kwenye tundu lililoandikwa 10 A, maana tundu la miliampea lina fyuzi ndogo ambayo balbu hii itaikata papo hapo.

Kuna jambo ninalolikemea kwa sauti kila linapotaka kutokea: mtu amemaliza kupima ampea, anageuza kitufe kwenda volti, na waya bado uko kwenye tundu la ampea. Tundu hilo halina ukinzani wa maana ndani yake. Ukigusa nalo ncha mbili za betri, au Mungu apishie mbali, matundu ya soketi, umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe. Ukishasoma ampea, zima, rudisha waya mahali pake, ndipo uandike namba.

Sasa washa, acha mwanga utulie, soma mita zote mbili. Kwenye benchi langu balbu ya namna hiyo ilionyesha volti 12.1 kwenye ncha zake na ampea 1.76.

R = 12.1 ÷ 1.76 = 6.88
P = 12.1 × 1.76 = 21.3

Ohmu 6.88, wati 21.3. Kikokotoo kitakupa 6.875 na 21.296, lakini mita imenipa tarakimu tatu, nami sina haki ya kudai zaidi ya tatu. Pia kumbuka kwamba makosa ya mita hujumlishwa: ikiwa mita ya volti inaweza kukosea kwa asilimia 1 na ya ampea kwa asilimia 2, jibu lako linaweza kupotoka kwa karibu asilimia 3, ugawe au uzidishe.

Betri ileile, taa ikiwa imezimwa, ilisoma volti 12.6. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Ukitumia 12.6 unapata ohmu 7.16 na wati 22.2, namba zinazoonekana nzuri tu lakini si za balbu. Ni za balbu, na nyaya, na fyuzi, na mita ya ampea, na betri yenyewe, vyote kwa pamoja. Hata hiyo volti nusu iliyopungua ina hesabu yake. Imepungua mkondo wa ampea 1.76 ukipita, kwa hiyo 0.5 ÷ 1.76 ni ohmu 0.28, nao ndio ukinzani wa njia nzima nje ya balbu, na 0.5 × 1.76 ni wati 0.88, joto linalopotelea njiani. Kanuni ni ileile, kilichobadilika ni kipande unachokiulizia.

Balbu baridi inasema jingine

Chomoa balbu, iache ipoe, kisha ipime kwa sehemu ya ohmu ya multimita. Haitafika ohmu 1. Vijana huniletea balbu wakisema mita imekufa, kwa kuwa 12 kugawa kwa nusu ohmu ni zaidi ya ampea 20, na balbu ya ampea 20 haipo kwenye taa ya gari.

Mita iko sawa. Uzi wa balbu ni tungsteni, na ukinzani wa tungsteni hupanda kadiri inavyopata joto. Ukiwaka mweupe, ukinzani wake ni zaidi ya mara 10 ya ule wa baridi. Maana yake ni kwamba sekunde ile unapobonyeza swichi, kabla uzi haujapata moto, mkondo mkubwa kweli hupita kwa muda mfupi sana. Balbu za uzi hukatika mara nyingi wakati wa kuwashwa, nawe sasa unajua kwa nini. Kwa hiyo nikikuuliza ukinzani wa balbu, jibu lako liwe swali: ikiwa katika volti ngapi? Waya wa nikromu uliomo kwenye hita na pasi hauna vitimbi hivyo. Ukinzani wake hubadilika kidogo tu kwa joto, na ukiupima ukiwa baridi unapata namba iliyo karibu na ile ya kazini.

Mwenye sheria ile ya R = V ÷ I, Georg Simon Ohm, alisumbuliwa na jambo la jamaa moja na hili. Alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln, na betri za zama zake zilikuwa zinafifia huku yeye bado anapima. Aliziacha, akatumia makutano ya shaba na bismuthi, upande mmoja kwenye barafu na mwingine kwenye maji yanayochemka. Volteji yake ilikuwa ndogo mno lakini ilitulia. Sheria yake aliieleza kitabuni mwaka 1827. Nampenda mtu huyu kwa sababu kabla ya kuandika kanuni alihakikisha chanzo chake cha umeme hakimdanganyi.

Miliampea

Hapa nitapita haraka. 20 mA ni ampea 0.02. Ukisahau kubadilisha, jibu linakosea mara 1000, na kosa la mara 1000 kwa kawaida linajitangaza lenyewe. Kama hupendi desimali, shika hivi: volti kugawa kwa miliampea inakupa kilo-ohmu, volti mara miliampea inakupa miliwati. Volti 5 na miliampea 2 ni kilo-ohmu 2.5 na miliwati 10. Basi.

Kifaa kinapokupa namba nyingine

Kibandiko cha kifaa mara nyingi hakisemi ampea wala ohmu. Kinasema volti na wati. Birika la umeme la 230 V, 2000 W: mkondo ni 2000 ÷ 230, yaani ampea 8.7, na ukinzani ni 230 ÷ 8.7, karibu ohmu 26.4. Unaweza kufupisha njia kwa kuziunganisha kanuni zile mbili:

P = V × V ÷ R
P = I × I × R

Ya kwanza naitumia volti zinapobadilika. Tuseme umeme umeshuka kwa asilimia 10, kutoka 230 hadi 207. Koili ni ileile, ohmu 26.4. Wati hazishuki kwa asilimia 10. Volti zinajizidisha zenyewe, hivyo 0.9 × 0.9 ni 0.81, na birika la wati 2000 limebaki na takriban 1620. Mtu anayelalamika kwamba maji yanachelewa kuchemka jioni, mpe hesabu hiyo. Upande wa pili ni wa hatari zaidi: hita ya volti 12 ukiichomeka kwenye volti 24 haipati wati mara mbili, inapata mara nne, na haikai muda mrefu.

Ya pili, I × I × R, ndiyo inayounguza nyumba za watu, nayo inastahili nafasi yake.

Ukinzani mdogo, mkondo mkubwa

Birika lile la ampea 8.7 liunge kwa waya wa ekstensheni wa mita 20, shaba ya milimita za mraba 1.5. Waya wa ukubwa huo una takriban ohmu 12 kwa kila kilomita. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 40, karibu ohmu 0.48. Volti zinazopotea ni 8.7 × 0.48, karibu 4.2. Wati ni 4.2 × 8.7, karibu 36. Zikitawanyika kwenye mita 20 za waya ulionyooshwa hutaziona. Ukiuacha waya umezungushwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea, na plastiki ya katikati huanza kulainika.

Sasa chukua plagi ambayo skrubu yake imelegea. Tuseme kiungo kile kina ohmu 0.5. Wati ni 8.7 × 8.7 × 0.5, karibu 38. Ni joto karibu sawa na la waya mzima wa mita 20, ila lote limekusanyika penye skrubu moja. Pasi ya kulehemu ya wati 40 inayeyusha lehemu. Plagi ya plastiki itafanya nini? Itabadilika rangi, itanuka, na kadiri inavyoungua kiungo kinazidi kuharibika, ukinzani unapanda, joto nalo linapanda. Fyuzi haitakatika, wala breka haitaanguka, kwa sababu mkondo haujazidi. Tena umepungua kidogo. Hili ndilo jambo ninalotamani kila mwenye nyumba alijue: fyuzi inaona ampea tu, haioni skrubu iliyolegea.

Kiungo kibovu hakitafutwi kwa sehemu ya ohmu ya multimita. Nyaya za mita peke yake zina ohmu 0.1 hadi 0.3, na unachotafuta kinaweza kuwa kidogo kuliko hapo. Tumia V na I. Pitisha mkondo wa kazi, weka mita ya volti upande huu na upande huu wa kiungo chenyewe, soma. Kiungo kizuri kinakaribia sifuri. Mfano wa kebo ya starta ya gari: mkondo ni ampea 150 wakati injini inazungushwa, na kati ya ncha ya betri na kichwa cha kebo mita inasoma volti 0.6. Gawa, ohmu 0.004. Zidisha, wati 90 penye kutu unayoweza kuifunika kwa kidole gumba. Multimita ya kawaida haiwezi kupitisha ampea 150. Utahitaji mita ya kubana, ile yenye taya zinazozunguka waya bila kuukata, nayo iwe inayosoma mkondo mnyoofu (DC, wa betri), maana nyingi zinasoma mkondo geu (AC, wa ukutani) tu. Kwenye umeme wa ukutani kazi hii ya kugusa viungo vilivyo hai muachie fundi aliyesomea. Wewe zima, kaza skrubu, badilisha plagi iliyoungua.

Betri nayo ina ukinzani wake wa ndani, na njia ya kuupata ni ileile. Pima volti bila mzigo, pima tena mzigo ukiwa umeungwa, tofauti igawe kwa mkondo. Betri iliyosoma 12.6, ikashuka hadi 11.8 kwa mzigo wa ampea 8, ina 0.8 ÷ 8, yaani ohmu 0.1. Betri hiyo itawasha taa za mbele bila shida. Ukiidai ampea 100 kwa starta, 100 × 0.1 ni volti 10 zinazobaki ndani yake. Huna kitu mkononi. Betri ya gari isiyo na kasoro huwa na sehemu chache tu za elfu za ohmu moja. Ndiyo sababu kumwambia mteja "betri yako ina volti 12.6" si jibu la kitu chochote.

Kuchagua rezista ya taa ya LED

LED nyekundu inataka takriban volti 2 na miliampea 20. Unayo betri ya volti 12. Katikati inahitajika rezista, kipande cha ukinzani kinachozuia mkondo usizidi. Wanaoanza hugawa 12 kwa 0.02 wakapata ohmu 600. Sharti lile tena: volti za nani? Rezista haipati 12, inapata zinazobaki baada ya LED kuchukua zake, yaani 10. 10 ÷ 0.02 ni ohmu 500. Rezista ya 500 huipati kirahisi, chukua 560, mkondo utakuwa karibu miliampea 18, na jicho halitaona tofauti. Nguvu ndani ya rezista ni 10 × 0.018, wati 0.18. Ya robo wati inaweza kubeba, lakini itakuwa ya moto. Mimi huweka ya nusu wati. Angalia pia kwamba LED yenyewe inakula 2 × 0.018, wati 0.036 tu. Rezista inachoma mara tano ya taa unayoiwasha. Kwa LED moja si neno, kwa LED 100 ni upumbavu. Ziunge tano kwa mfululizo, zichukue volti 10 kati yao, na rezista ibaki na volti 2 tu.

Ukipima rezista kubwa sana kwa V na I, mita ya volti yenyewe inaingia kwenye hesabu. Multimita nyingi za tarakimu zina ukinzani wa ohmu milioni 10. Iweke sambamba na rezista ya ohmu milioni 1, mita ya ampea itasoma mikondo ya zote mbili, na rezista itaonekana ya ohmu laki tisa na elfu tisa. Hapo geuza mpangilio: mita ya volti iguse nje, ikizikumbatia mita ya ampea na rezista kwa pamoja. Kwa ukinzani mdogo rudi kwenye mpangilio wa kwanza, ncha za volti zikigusa kifaa chenyewe.

Mkondo geu na vitu vyenye koili

Kwa birika, pasi na hita, V mara I kwenye umeme wa ukutani ni wati halisi. Zile 230 za mita ni thamani ya kazi. Kilele cha wimbi kinafika karibu 325, lakini kwa joto unalolipata 230 ndiyo namba ya kutumia.

Feni, friji, pampu, mambo yanabadilika. Mota ya volti 230 inayovuta ampea 2 inakupa 460 ukizidisha, nazo ni volti-ampea, bado si wati. Kilele cha mkondo kinachelewa nyuma ya kilele cha volti, na sehemu ya umeme inakwenda na kurudi bila kufanya kazi. Ikiwa kipengele cha nguvu, yaani sehemu ya hizo volti-ampea inayofanya kazi kweli, ni 0.7, wati ni 460 × 0.7, yaani 322. Vivyo hivyo 230 ÷ 2 ni 115, lakini huo si ukinzani wa waya wa koili. Ndani yake mmechanganyika upingaji wa usumaku. Ukiipima koili kwa ohmu mota ikiwa imechomolewa utapata namba ndogo zaidi, na mota haina kasoro yoyote.

Kupima mkondo hapa usikate waya. Tumia mita ya kubana, na ibane waya mmoja tu. Ukibana waya mzima wa kifaa, wenye laivu na nyutro ndani, mikondo miwili inayopingana inafutana na mita inasoma sifuri huku pampu inanguruma. Mkondo ukiwa mdogo kuliko mita inavyoweza kusoma vizuri, zungusha waya huo mmoja mara 10 kwenye taya la mita, umeme ukiwa umezimwa, kisha washa, soma, gawa kwa 10. Na kama unachotaka ni wati halisi za friji, nunua kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi, kiache saa 24, kwa sababu friji inawaka na kuzima na kipimo cha dakika moja hakitakwambia kitu.